Kuingia Pangani na boti ya tanga: subiri maji, salimia watu, lala hata siku mbili

Watu wengi wanaoshuka na boti za tanga toka Mombasa au Tanga kwenda Unguja, Pangani wanaipita tu. Wanaiona kwa mbali ile minazi na lile bonde la mto, halafu wanasonga zao Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Mimi huwa inaniuma, maana kwa pwani yetu hii sijaona mji wa mtoni unaompokea baharia kama Pangani, na ukiuliza kwa nini hawaingii jibu ni moja tu, mlango mbaya, mchanga mchanga, utakwama. Ni kweli mchanga upo. Lakini majahazi yameingia pale miaka na miaka, tena yamejaa shehena, na nahodha wake hana hata kipima kina cha umeme, ana bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, na ana subira. Basi nimeandika hapa ninavyofanya mimi, kwa yeyote mwenye mashua, ngalawa kubwa au yoti ndogo anayetaka kuingia, akanunue sokoni, alale siku mbili tatu na atoke salama.

Kwanza msimu. Toka Tanga mpaka Pangani ni kama maili za baharini 25 na ushee, unashuka kusini, kwa hiyo kaskazi ya Desemba mpaka Machi iko nyuma yako, tanga limejaa, chombo kinateleza chenyewe. Wakati wa kusi mambo yanageuka, upepo unakuja usoni na mkondo wa pwani hii siku zote unapanda kaskazini, kusi ikiwa imekaza ndio unazidi nguvu, utapiga bisha, kwenda kwa kukata pembe kushoto na kulia, mchana kutwa na jioni bado unaiona ile ile minazi ya asubuhi. Ukilazimika kushuka na kusi, ondoka usiku, na ule umande wa bara, ukiwa karibu na nchi kavu lakini nje ya miamba, ili mpaka kusi inaamka vizuri saa nne saa tano uwe umeshakula sehemu kubwa ya njia. Mimi kipindi ninachokipenda ni maleleji, Oktoba na Novemba, upepo mwepesi, bahari imelala, mlango wa mto hauna fujo. Kipindi cha kukiepuka kabisa ni masika, Aprili na Mei. Mto unakuja mwekundu, unabeba magogo na vichaka vya matete, na kilindi cha mlangoni, ile njia ya maji marefu, kinahama. Kama unatokea Nungwi ni karibu umbali ule ule, maili 26 hivi, unavuka mkondo, kwa hiyo usielekeze omo, yaani mbele ya chombo, Pangani penyewe, elekeza kusini yake kidogo uache mkondo ukusogeze.

Sasa maji. Hapa naomba unisome taratibu maana ndio roho ya safari nzima.

Mto Pangani unatoka huko kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unatembea kama kilomita 500 ndio unafika pale, unakuja na mchanga na tope lake, na bahari nayo inausukuma nyuma, pale wanapokutana mchanga unatua. Ndio fungu la mlangoni hilo. Kila masika linabadilika, kilindi kinahamia kushoto au kulia, kwa hiyo ramani ya karatasi hata ile ya kwenye simu usiiamini kwa mita za mwisho. Ramani itakufikisha nje ya mlango, baada ya hapo ni macho, bildi na mwenyeji.

Mlango unatazama mashariki. Ukiingia asubuhi jua liko mgongoni kwako, rangi ya maji unaiona vizuri kabisa, kijani cha kilindi na kahawia ya fungu, na pale mawimbi yanapovunjika yanaonekana meupe toka mbali. Ukiingia alasiri jua liko usoni, maji yote ni kioo, huoni kitu. Kwa hiyo tunataka maji yajae asubuhi, sio alfajiri sana na sio mchana. Pwani yetu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, wakati wa bamvua, yale maji makubwa, yanajaa saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanakupwa kabisa saa nne saa tano mchana. Hizo sio siku zako. Yanasogea kama dakika hamsini kila siku, ukihesabu utaona ikifika mwezi tarehe 6, 7, 8, halafu tena tarehe 20 mpaka 23, maji yanajaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ni maji mafu, hayajai sana kama bamvua, hilo lazima ulijue, kina kinapungua, lakini mkondo nao ni mpole na jua liko unapolitaka, kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri. Tarehe ninazosema ni za mwezi wa mbinguni, zile wanazohesabu wavuvi. Halafu thibitisha na jedwali la maji la Tanga, lipo kwenye programu nyingi za simu, pakua mapema kabla hujaishiwa bando.

Ingia maji yakiwa yamebakiza saa moja na nusu kujaa, sio baada. Hii sheria niliivunja mara moja tu. Nilichelewa nje kwa sababu ya kuzungusha nanga iliyokamata jiwe, nikasema si dakika chache tu, nikaingia maji yameshaanza kurudi, mkuku, ule uti wa chini ya boti, ukagusa, nikajaribu injini, ikawa ndio nazidi kujichimbia. Saa tano asubuhi hiyo. Maji yakatuacha, boti ikaanza kulala. Kabla hata sijajua nifanye nini wakaja vijana wawili na mtumbwi, nyuma yao mzee mmoja na mwingine, wakaleta magadi, zile nguzo za mikoko, wakaitegemeza boti isilale kwa ubavu, hawakuuliza hata bei. Mzee akasema, "Mwanangu, tulia, maji hayajamkimbia mtu, yatarudi." Mchana wakaleta chai na mihogo. Tukaelea saa nne za usiku, wakatuvuta na kamba mpaka ndani. Boti haikuwa na hata mkwaruzo, ni mchanga laini. Lakini ukigusa maji yakiwa yanajaa unakaa dakika kumi unaelea, ukigusa yakiwa yanakupwa unakaa mchana kutwa, na kama kuna mawimbi ndio unavunja chombo. Tofauti ni saa moja tu ya subira.

Na kitu kingine cha hatari kuliko mchanga ni mto unapotoka kwa nguvu huku upepo wa baharini unaingia. Maji yanayotoka yanagombana na mawimbi yanayokuja, pale mlangoni yanasimama wima na kuvunjika, mashua ndogo inajazwa maji mara moja. Ukiona mstari mweupe umekatiza mlango mzima, geuka. Nenda kasubiri nje. Hakuna soko la kukimbilia namna hiyo.

Kusubiri wapi? Ushongo, kusini ya Pangani kama kilomita 15, kuna ufukwe mrefu na unaweza kutia nanga hali ikiwa nzuri. Wengine wanajikinga nyuma ya Maziwe, kile kisiwa cha mchanga, mchana, lakini kulala pale mimi siwashauri, nitasema baadaye kwa nini. Kama chini ya chombo chako kunaingia majini zaidi ya mita moja na nusu, ushauri wangu ni usiingie kabisa mtoni, acha boti Ushongo na mtu wa kuilinda, uende mjini kwa boti ya mwenyeji au kwa bodaboda mpaka Bweni, ng'ambo ya mto, ukavuke. Utafaidi soko lile lile.

Kama unaingia, chukua rubani. Mvuvi yeyote wa pale anayetoka kila siku anajua kilindi cha wiki hii. Punguza tanga, ngoja nje, mtumbwi ukipita punga mkono, salimia kwanza vizuri, ndio useme shida yako. "Salaam aleikum wazee, habari za kazi. Sisi wageni, tunaomba mtuelekeze kilindi." Hapo hapo mmoja atahamia kwako. Kubaliana naye kabla, mlipe vizuri, hiyo ni kazi sio hisani. Mpe usukani au akae na wewe, mtu mmoja awe omo anaangalia maji, mwingine atupe bildi, injini iwe inanguruma hata kama unaingia na tanga, na nanga iwe tayari kuachiwa. Kila mtu avae laifu jaketi mpaka muwe ndani.

Ukishapita fungu mto unafunguka, maji yametulia, kushoto kwako Bweni na vilima vyake, kulia mji. Kivuko kinavuka katikati, kinabeba magari na watu, kina haki ya njia, usikatize mbele yake hata kama wewe unatumia tanga, hakiwezi kukukwepa kwenye mkondo ule. Usitie nanga kwenye njia yake wala mbele ya diko la samaki ambapo mashua zinaingia na kutoka usiku. Muulize rubani wako, atakuonyesha. Chini ni tope, nanga inashika vizuri ukiipa mnyororo wa kutosha, ila kumbuka chombo kitageuka kila maji yakigeuka, mara kinatazama bara, mara kinatazama bahari, na mara upepo unakiweka ubavu. Mimi naweka nanga mbili zote toka omo, moja ya kujaa, moja ya kupwa, naamka usiku kuangalia zisijisokote. Washa taa usiku, wavuvi wanapita gizani. Halafu usipande juu ya mto na mlingoti wako bila kuuliza, kuna daraja kubwa la barabara ya Bagamoyo kwenda Tanga, na waya za umeme, urefu wa mlingoti wako unaujua wewe mwenyewe.

Karatasi. Kama umetoka Kenya au nje ya nchi usianzie Pangani, maliza kwanza Tanga, Uhamiaji, Forodha na watu wa bandari, ndio ushuke. Ukitoka Unguja njoo na karatasi zako za kuondokea. Ukifika Pangani usingoje kuitwa, vaa shati safi, nenda mwenyewe ofisi ya bandari na nakala za karatasi zote, jitambulishe, sema unakaa siku ngapi na unatoka lini. Malipo yoyote yawe na kontroo namba na risiti. Ukijitokeza mwenyewe mambo yanakuwa mepesi sana, na ukipata tatizo usiku watu wanajua wewe ni nani.

Haya, tushuke.

Kihori chako, ile boti ndogo ya kushukia, usikifunge popote. Kuna watu wana sehemu zao, omba. Sema hodi, uliza mzee wa pale, halafu mpe kijana mmoja elfu mbili tatu akuangalizie, kwa sababu maji yakipanda mtumbwi uliouvuta juu utakuta unaelea. Shuka na ndala za kufungwa nyuma, tope la kando ya mto linavua viatu. Na mtu asiogelee mtoni. Mamba wapo, zaidi juu huko kwenye mikoko, lakini mto ni mmoja.

Soko ni la asubuhi. Mimi naanzia diko, kwenye saa kumi na mbili na nusu, saa moja, mashua za usiku zinapoingia. Samaki wanamwagwa, mnadi anaanza kupiga bei, kolekole, changu, nguru, kibua, taa, siku nyingine pweza na ngisi, na kamba wa mlangoni mwa mto. Ukiwa mgeni usijitose kwenye mnada mara ya kwanza. Simama pembeni uangalie. Wanaonunua kwa wingi ndio riziki yao ile, kina mama wanaokwenda kukaanga, vijana wa baiskeli wanaopeleka vijijini, ukiingia wewe na hela zako ukapandisha bei ya ndoo nzima wakati unataka samaki wawili unaharibu siku ya watu. Subiri mnada uishe, mwendee aliyenunua, mwambie, "Mama shikamoo, naomba unigawie wawili kwenye hao." Atakuuzia na faida yake kidogo na atakuparia magamba hapo hapo. Barafu uliza hapo hapo diko, wanaohifadhi samaki ndio wanajua inakopatikana siku hiyo.

Ukimaliza diko panda juu sokoni kabla jua halijawa kali. Vitu vinapangwa mafungu, nyanya fungu, vitunguu fungu, ndimu fungu, mihogo imeegemezwa kama kuni. Machungwa ya Muheza yanakuja kwa gari, msimu wake yanajaa mpaka chini, na yanakaa vizuri sana kwenye boti ukiyachagua yale ya kijani yasiyo na kidonda, mimi nayatundika kwenye wavu upande wa tezi, nyuma ya chombo. Ndizi chukua mkungu mbichi, uufunge kivulini, utaiva taratibu, lakini uuchovye kwanza kwenye maji ya chumvi wadudu watoke. Mchicha, matembele, kisamvu kilichotwangwa, chukua vya kula siku hiyo na kesho tu. Mchele na maharage nunua kwa kilo umimine kwenye madebe yenye kifuniko. Maboksi na karatasi usipandishe botini, mende wanataga humo, utakuja kuhangaika nao mwaka mzima.

Nazi. Pangani ni nchi ya minazi, kila ukigeuka ni mnazi, kwa hiyo nunua hapa usinunue Unguja. Za safari chagua nazi kavu ambayo haijafuliwa, yenye makumbi yake, inakaa miezi. Itikise, usikie maji ndani, isiyolia imekauka au imeoza. Kama una nafasi chukua ishirini. Madafu kunywa hapo hapo, mkatie na rubani wako.

Bei watu wa Pangani hawapandishi sana kwa mgeni, lakini ongea. Usianze na bei, anza na salamu, habari za asubuhi, habari za nyumbani, za watoto, biashara inaendaje, ndio "hili fungu kiasi gani mama angu". Akitaja, "nipunguzie kidogo", akikataa kupunguza sema "basi niongeze", ataongeza nyanya mbili tatu na mtacheka wote. Kesho yake ukirudi kwa mama yule yule, ndio utajua mji huu. Mimi mwaka wa pili mama wa ndimu aliniuliza mbona yule kijana wako wa mara ile hujaja naye. Ndio maana nasema lala siku mbili. Siku ya kwanza unanunua, siku ya pili wanakujua.

Njoo na kikapu chako cha ukili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania toka Juni 2019, na kama una mgeni wa Ulaya kwenye boti mwambie mapema asishuke nayo. Taka zenu msizimwage mtoni, kusanyeni, ulizeni pa kutupa, lipeni.

Hela uwe nazo mkononi noti ndogo ndogo, na hela ya simu inafanya kazi kila mahali. Mashine za benki kwenye miji midogo zinaweza kuishiwa, toa Tanga kabisa. Dizeli utanunua sheli na madumu yako, bajaji itakushushia mpaka mtoni, chuja kwa kitambaa kabla ya kumimina. Maji ya kunywa usichote mtoni, maji yakijaa yana chumvi na yakikupwa yana tope la watu wote wa juu. Jaza madumu kwenye bomba la mtu uliyemwomba, mlipe, na bado uchemshe.

Mavazi na adabu. Ni mji wa Waislamu na watu wa heshima, wala sio wakali, ila wataona haya kukuambia, kwa hiyo jiambie mwenyewe. Mwanamke ajifunge kanga au gauni refu, mwanamume asitembee kifua wazi mpaka sokoni eti ametoka baharini. Mtu mzima mpe shikamoo, usimpite. Ijumaa mchana maduka mengi yanapumzika kwa ajili ya swala, usipange kununua dizeli saa saba. Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, lakini jioni, wallahi usikose, uji wa pilipili manga, tambi, kaimati, mihogo ya nazi, na ukiwa umeshasalimiana na watu hutafuturu peke yako. Pombe iache botini. Picha omba kwanza, hasa kina mama wa diko.

Chakula siku za kawaida, asubuhi vitumbua na chapati na maharage ya nazi, jioni samaki wa kukaanga, pweza, na kahawa chungu kwa kashata barazani. Ile kahawa usiinywe umesimama. Kaa kwenye baraza, wazee watakuuliza umetoka wapi na upepo ulikuwaje, hapo ndio utapata habari za bahari ambazo hakuna programu ya simu itakupa, wapi kuna nyavu zimetegwa, fungu lipi limeota, nani anakwenda Mkokotoni, kule Unguja, kesho umfuate.

Ukiwa na mchana wa bure tembea mji. Kuna boma la zamani na nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zimechoka sana, zinatia huruma. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilitaka kupandisha bendera yake hapa, watu wa Pangani wakakataa, vita vikawaka pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim, na Wajerumani wakamnyonga hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Waulize wazee, wanalisimulia kwa uchungu kama la jana. Vuka na kivuko uende Bweni, panda kilimani, utauona mlango wote kwa juu, na kama maji yamekupwa utaliona fungu lilivyolala na kilindi kinavyopinda. Mimi huwa napiga picha hapo, ndio ramani yangu ya kutokea. Upande huo huo wa kusini ndiko Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa mwaka 1893, miche 62 tu iliyopona safari toka Marekani, na mashamba yote ya Tanga yakaanzia hapo.

Kupanda mto kwenye mikoko chukua mtumbwi wa mwenyeji, usiende na kihori chako cha mpira, kwa ajili ya mamba na visiki.

Kutoka ni kule kule kwa kuingia, kabla maji hayajajaa kabisa, nusu saa hivi, ili ukigusa bado yanapanda. Ukiingia mwezi tarehe 6 ukalala siku mbili, unatoka saa tano kasoro, kwa mwendo wa maili tano kwa saa unafika Nungwi kama saa kumi alasiri, jua bado lipo. Kaskazi itakuwa kushoto kwako, upepo wa ubavuni, raha tupu. Ukichelewa zaidi ya hapo usitoke, lala siku nyingine.

Ukitaka kupitia Maziwe, ni kama kilomita 8 toka ufukwe wa Ushongo. Ilitangazwa hifadhi mwaka 1981. Wazee wanasema walikuwa wanalala chini ya mivinje yake, na ni kweli kisiwa kilikuwa na msitu, na kasa wa kijani walikuwa wanataga hapo kwa wingi, lakini bahari ilikula nchi na miaka hiyo hiyo ya themanini mwanzoni miti ikaisha. Leo ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakikupwa tu, yakijaa linazama lote, ndio maana nimesema usilale nyuma yake, usiku wa maji makubwa kinga inapotea. Kasa bado wanakuja kutaga, na mayai yao yanahamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame. Kuna kiingilio cha hifadhi, lipa kabla. Nanga itupe kwenye mchanga usiitupe kwenye matumbawe, na usiyakanyage. Na hapo uhesabu vizuri, kwa sababu maji mafu ya kuingilia Pangani yanafanya Maziwe ionekane kidogo tu, ukitaka kuitembea yote rudi siku za bamvua, uende asubuhi toka Ushongo.

Kabla hujang'oa nanga chukua namba ya simu ya rubani wako. Mwaka unaofuata mpigie siku mbili kabla ya kufika, msalimie, muulize nyumbani hawajambo, halafu muulize kilindi kimekaa upande gani baada ya masika. Atakwambia, na kama yuko baharini siku hiyo atakutafutia mwenzake aje akungoje nje.